Upimaji wa Hitaji la Oksijeni Kibayokemia na Athari za Majitaka kwa Oksijeni ya Mto Ng'ombe, Sinza, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna uchafuzi wa majitaka unavyopimwa kwa kipimo cha Hitaji la Oksijeni Kibayokemia, na namna matokeo ya kipimo hicho yanavyopaswa kufasiriwa katika mkondo mdogo wa mjini wenye maji ya joto, kama Mto Ng'ombe unaopita Sinza na maeneo jirani. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha siku 5 katika nyuzijoto 20 kiliundwa kwa ajili ya mito ya Uingereza iliyokuwa na maji safi mengi ya kuzimua majitaka. Kinapohamishiwa Dar es Salaam bila kuzingatia joto la maji, kasi ya mkondo na uwiano wa uzimuaji, majitaka yanayokidhi kiwango cha kisheria yanaweza kupunguza oksijeni ya mto kwa zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya madhara ikatokea mbali na mahali sampuli ilipochukuliwa. Makala inapendekeza taarifa za ziada zinazopaswa kuambatana na namba ya maabara ili namba hiyo ieleze hali halisi ya maji pokezi.

1.0 Utangulizi

Kata ya Sinza, iliyokuwa sehemu ya Manispaa ya Kinondoni na ambayo sasa imo katika Manispaa ya Ubungo, ilipimwa na kugawiwa viwanja katika miaka ya 1970 chini ya mpango wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, sambamba na Kijitonyama na Mikocheni. Mpango huo ulilenga nyumba za familia, na majitaka ya kila kiwanja yalitarajiwa kuishia katika shimo la choo au karo lenye shimo la kunyonya. Tangu wakati huo matumizi ya ardhi yamebadilika. Katika viwanja vilevile sasa kuna nyumba za ghorofa, nyumba za kulala wageni, baa, migahawa, gereji na sehemu za kuoshea magari. Maji yanayotumika kwa siku katika kiwanja kimoja yameongezeka, ilhali eneo la udongo linaloweza kuyanyonya limepungua.

Majitaka yasiyonyonywa na udongo, wala kubebwa na magari ya kunyonya, hutafuta mteremko. Katika eneo hili mteremko huelekea Mto Ng'ombe, ambao hupita Sinza, Manzese, Tandale, Magomeni na Hananasif kabla ya kuungana na Mto Msimbazi. Msimbazi nao, unaoanzia katika vilima vya Pugu, huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander, penye mikoko. Kwa hiyo swali la ubora wa maji ya Sinza haliishii Sinza. Linawahusu wakazi wa chini ya mkondo, wakulima wa mchicha na mboga nyingine wanaomwagilia bustani zao katika bonde la Msimbazi, pamoja na viumbe wanaotegemea mikoko iliyo mdomoni mwa mto.

2.0 Dhana ya hitaji la oksijeni

Majitaka ya nyumbani yana mata ogani, yaani mabaki ya kinyesi, chakula, mafuta na vitu vingine vyenye asili ya viumbehai. Mata hiyo inapoingia mtoni huwa chakula cha bakteria. Bakteria wanapoivunjavunja hutumia oksijeni iliyoyeyuka katika maji, ambayo ndiyo hiyohiyo samaki na wadudu wa majini wanaivuta. Oksijeni ikitumika kwa kasi kuliko inavyorejeshwa kutoka hewani, kiasi chake hushuka. Ikiisha kabisa, kazi huendelezwa na bakteria wasiohitaji oksijeni, maji hugeuka meusi, na gesi ya haidrojeni salfaidi hutoa harufu ya mayai viza.

Madhara haya hayaonekani kwa kupima oksijeni peke yake mahali majitaka yanapoingia, kwa kuwa bakteria huhitaji muda. Maji yaliyotoka kwenye mtaro muda mfupi uliopita yanaweza kuwa bado na oksijeni ya kutosha huku yakiwa yamebeba deni litakalolipwa baadaye. Hitaji la Oksijeni Kibayokemia (hapa HOK, na katika fomu za maabara BOD) ni kipimo cha deni hilo. Huonesha ni miligramu ngapi za oksijeni ambazo bakteria watazitumia kwa kila lita ya maji katika muda na joto lililowekwa. Kipimo cha kawaida ni cha siku 5 katika nyuzijoto 20 za Sentigredi, gizani.

Kipimo cha HOK kinatofautiana na Hitaji la Oksijeni Kikemia, ambapo mata huunguzwa kwa dikromati na asidi kali kwa saa mbili badala ya kuachiwa bakteria. Hicho ni cha haraka, lakini huhesabu hata vitu ambavyo bakteria hawawezi kuvila. Tena katika maji yenye chumvi ya bahari, kama yale ya karibu na Daraja la Selander maji yanapojaa, kloraidi nazo huunguzwa na kukuza namba. Hivyo vipimo hivi viwili havibadilishani nafasi.

3.0 Utaratibu wa upimaji

Sampuli huchukuliwa katika chupa safi, huhifadhiwa katika ubaridi wa takribani nyuzijoto 4 na kufikishwa maabara ndani ya saa 24. Kwa kuwa majitaka huhitaji oksijeni nyingi kuliko inayoweza kuyeyuka katika maji, sampuli lazima izimuliwe. Kiasi kidogo huwekwa katika chupa ya mililita 300 na kujazwa kwa maji yaliyosafishwa, yaliyotiwa hewa na kuongezwa chumvi zenye fosfeti, magnesi, kalsi na chuma ambazo bakteria huzihitaji. Oksijeni hupimwa siku ya kwanza, chupa hufungwa bila kuacha kiputo cha hewa, huwekwa gizani ili mwani usizalishe oksijeni, kisha hupimwa tena baada ya siku 5.

Oksijeni yenyewe hupimwa ama kwa kifaa cha elektrodi ama kwa njia ya titresheni iliyobuniwa na Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888, ambayo hadi leo hutumika kuhakiki vifaa vya kisasa. Hesabu ni nyepesi. Chukulia kwamba mililita 10 za sampuli zimewekwa katika chupa ya mililita 300, hivyo uzimuaji ni mara 30. Ikiwa oksijeni imeshuka kutoka miligramu 8.0 hadi 4.5 kwa lita, tofauti ya 3.5 huzidishwa kwa 30, na HOK huwa miligramu 105 kwa lita.

Urahisi wa hesabu haupaswi kuficha masharti yake. Matokeo hukubalika iwapo oksijeni iliyotumika si chini ya miligramu 2 kwa lita na iliyobaki si chini ya miligramu 1. Ndiyo maana sampuli moja huandaliwa katika chupa kadhaa zenye uzimuaji tofauti. Chupa hizo ndizo pia hufichua tatizo linaloweza kujitokeza mahali penye gereji na matumizi makubwa ya dawa za kusafishia, nalo ni sumu. Vitu vinavyoua bakteria hupunguza ulaji wa oksijeni, na namba hutoka ndogo. Mtafiti asiye makini atahitimisha kwamba maji ni safi, kumbe bakteria wamekufa. Dalili ni kwamba HOK huongezeka kadiri sampuli inavyozimuliwa zaidi, kwa kuwa sumu nayo imezimuliwa. Kwa uhakiki wa jumla, maabara hupima pia mchanganyiko wa glukosi na asidi glutamiki, ambao matokeo yake yanapaswa kuwa karibu na miligramu 198 kwa lita.

4.0 Asili ya siku 5 na nyuzijoto 20

Muda na joto la kipimo havikutokana na sheria ya maumbile. Chimbuko lake ni Tume ya Kifalme kuhusu Utupaji wa Majitaka, iliyofanya kazi Uingereza kati ya mwaka 1898 na 1915. Katika ripoti yake ya nane ya mwaka 1912, Tume ilipendekeza kipimo cha siku 5 katika nyuzijoto 65 za Farenhaiti, sawa na takribani 18 za Sentigredi. Baadaye joto hilo likasanifishwa kuwa 20. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu siku 5 ni kwamba maji ya mito ya Uingereza hayachukui muda mrefu zaidi ya huo kufika baharini.

Lililo muhimu zaidi ni mantiki ya kiwango kilichopendekezwa. Tume iliona kwamba mto wenye HOK ya miligramu 4 kwa lita ulikuwa umefika ukingoni mwa kero. Mto safi kiasi ulichukuliwa kuwa na miligramu 2. Iwapo ujazo 1 wa majitaka yaliyotibiwa yenye HOK ya 20 utachanganyika na ujazo 8 wa maji ya mto yenye HOK ya 2, jumla ni 36 iliyogawanywa kwa 9, yaani 4 kamili. Kiwango cha 20 kilikuwa jibu la hesabu hiyo, na uzimuaji wa mara 8 ulikuwa sharti lake. Kwa vizazi vilivyofuata, namba 20 ilisafiri duniani kote, lakini sharti lake mara nyingi liliachwa nyuma.

Nchini Tanzania, Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinaweka kikomo cha HOK ya siku 5 kwa majitaka yanayotiririshwa kuwa miligramu 30 kwa lita. Kwa hesabu ileile ya Tume, majitaka ya 30 yakiingia katika mto wa 2, ili mchanganyiko usizidi 4 unahitajika ujazo 13 wa maji safi kwa kila ujazo 1 wa majitaka. Mkondo mdogo wa mjini wakati wa kiangazi hauwezi kutoa uwiano huo, kwa kuwa mvua zikikoma maji yanayoendelea kutiririka humo kwa sehemu kubwa ni majitaka yenyewe. Katika hali hiyo uzimuaji unakaribia sifuri.

5.0 Joto, muda na oksijeni katika Mto Ng'ombe

Tofauti ya pili ni joto. Maji baridi yasiyo na chumvi huweza kubeba takribani miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita katika nyuzijoto 20, lakini 7.8 tu katika nyuzijoto 28, joto ambalo si geni kwa maji ya Dar es Salaam. Wakati uwezo wa kubeba unapungua, ulaji unaongezeka. Kwa kigezo cha kasi cha 0.23 kwa siku katika nyuzijoto 20, ambacho hutumika sana kwa majitaka ya nyumbani, na kwa kanuni ya kawaida ya kurekebisha joto (1.047 kwa kila nyuzi), kigezo hicho hufikia takribani 0.33 katika nyuzijoto 28. Kwa maneno mengine, bakteria hufanya kazi kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 44. Katika siku 5 chupa iliyo katika nyuzijoto 20 hudhihirisha asilimia 68 ya deni lote. Katika nyuzijoto 28 ingedhihirisha asilimia 81.

Tofauti ya tatu ni muda. Chukulia mkondo wa kilomita 8 wenye kasi ya mita 0.3 kwa sekunde. Maji hupita mkondo huo kwa takribani saa 7.4, wala si siku 5. Katika muda huo, kwa nyuzijoto 28, karibu asilimia 10 ya deni lote hutumika na asilimia 90 hubaki. Jedwali la maneno linalofuata linaonesha maana yake, kabla ya kuhesabu oksijeni inayorejeshwa kutoka hewani:

(a) Mkondo wenye HOK ya siku 5 ya miligramu 4 kwa lita, kama ulivyokusudiwa na Tume, hutumia takribani miligramu 0.6 za oksijeni kwa lita njiani.

(b) Mkondo wa majitaka yaliyotibiwa hadi kikomo cha kisheria cha 30, bila uzimuaji, hutumia takribani 4.3, yaani zaidi ya nusu ya miligramu 7.8 zilizokuwapo.

(c) Mkondo wenye HOK ya 100 huhitaji takribani 14.3, karibu mara mbili ya oksijeni yote ambayo maji hayo yanaweza kubeba.

Mizania kati ya ulaji na urejeshwaji wa oksijeni iliwekwa katika milinganyo na Streeter na Phelps mwaka 1925 kutokana na utafiti wa Mto Ohio, Marekani. Milinganyo hiyo huonesha kwamba oksijeni hushuka taratibu baada ya mahali majitaka yanapoingia, hufikia kina cha chini kabisa umbali fulani mbele, kisha hupanda tena. Katika mkondo wenye maji kina kifupi na msukosuko, urejeshwaji ni wa haraka na hali (b) inaweza kustahimilika. Maji yanapotuama katika vidimbwi nyuma ya taka ngumu zilizoziba njia, urejeshwaji hudhoofu huku muda wa ulaji ukirefuka, na hata hali ya kadiri hugeuka kuwa ukosefu kamili wa oksijeni.

Hapa ndipo ujenzi wa kingo unapopaswa kutazamwa kwa makini. Sehemu ya Mto Ng'ombe imejengewa kingo za zege chini ya Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam (DMDP), kwa lengo la kudhibiti mafuriko. Faida yake kwa wakazi waliokuwa wakiingiliwa na maji majumbani ni dhahiri. Hata hivyo, kuharakisha maji si kuyasafisha. Katika mfano uliotangulia, kasi ikiongezeka mara mbili hadi mita 0.6 kwa sekunde, maji hupita kwa saa 3.7 na hutumia asilimia 5 tu ya deni. Vipimo vya Sinza vitaonesha mto ulioimarika, na asilimia 95 ya deni itakabidhiwa Msimbazi. Huko chini kasi hupungua, maji kujaa hurudisha mkondo nyuma mara mbili kwa siku, na chumvi hupunguza uwezo wa kubeba oksijeni hadi takribani miligramu 6.4 kwa lita kwa maji ya bahari ya nyuzijoto 28. Sehemu ya chini ya oksijeni ambayo Streeter na Phelps waliieleza huhamia mikokoni, mahali ambapo sampuli ya Sinza haiwezi kuiona.

Kuna pia deni la naitrojeni. Gramu 1 ya naitrojeni ya amonia huhitaji takribani gramu 4.6 za oksijeni ili igeuzwe kuwa naitreti. Bakteria wanaofanya kazi hiyo hukua polepole, na kwa kawaida hawaonekani katika siku 5 za kipimo cha majitaka mabichi. Kwa kuwa maji yanayofurika kutoka kwenye makaro huwa na amonia nyingi, deni hili hubaki nje ya namba ya maabara ingawa mto utalilipa.

6.0 Kiasi, majira na saa ya kuchukua sampuli

Namba ya HOK ni mkusanyiko, haielezi wingi. Chukulia kwamba wakati wa kiangazi mkondo una HOK ya 105 na unatiririsha lita 20 kwa sekunde. Mzigo wake ni takribani kilo 181 za hitaji la oksijeni kwa siku. Wakati wa masika HOK ikashuka hadi 30, lakini mtiririko ukafika lita 1,000 kwa sekunde. Mzigo ni takribani kilo 2,592, zaidi ya mara 14. Taarifa inayotaja mkusanyiko pekee itasema mto umekuwa safi zaidi katika kipindi ambacho umebeba uchafu mwingi kupita wakati wowote. Masika ndiyo pia majira ya tabia inayojulikana jijini kwa jina la kutapisha vyoo, ambapo yaliyomo mashimoni hufunguliwa yachukuliwe na mvua. Tabia hiyo ni kosa, lakini kwa mtafiti ni pia dalili ya gharama ya kunyonya majitaka kwa kaya ambazo hazijaunganishwa na mfumo wa mabomba.

Saa ya kupima oksijeni ina uzito uleule. Mchana mwani huzalisha oksijeni na unaweza kuficha upungufu. Usiku mwani wenyewe huivuta. Kiwango cha chini kabisa hupatikana kabla ya jua kuchomoza. Samaki hawaishi kwa wastani wa siku. Saa moja ya ukosefu wa oksijeni alfajiri yatosha kuwaua hata kama vipimo vya saa sita mchana vinaridhisha.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala hii imeonesha kwamba kipimo cha HOK ya siku 5 kingali na nafasi yake kama lugha ya pamoja ya maabara na sheria. Kasoro haimo katika chupa, imo katika kuisoma namba ya chupa kana kwamba ni hali ya mto. Inapendekezwa kwamba utafiti wa mikondo ya mjini katika mazingira ya Dar es Salaam uambatanishe kila thamani ya HOK na mambo matano: joto halisi la maji, mtiririko, ili mzigo wa siku ujulikane, kigezo cha kasi kilichopatikana kwa vipimo vya siku kadhaa mfululizo, amonia, na oksijeni iliyoyeyuka iliyopimwa alfajiri katika vituo vya juu, vya kati na vya mdomoni mwa mto, kiangazi na masika.

Kwa upande wa udhibiti, kikomo kimoja cha miligramu 30 kwa lita kinalinda mto mkubwa kuliko kinavyolinda mto mdogo. Kibali cha kutiririsha majitaka katika mkondo usio na maji ya kuzimua kinapaswa kuzingatia uwiano wa uzimuaji wa kiangazi, kama hesabu ya mwaka 1912 ilivyokusudia tangu mwanzo. Mahali ambapo uwiano huo haupo, kiwango kiwe kikali zaidi au majitaka yaelekezwe kwenye mabwawa na mitambo ya kuyatibu. Bila hivyo, Sinza inaweza kufikia siku ambayo kila mtaro wake umekidhi sheria, ilhali maji yanayopita chini ya Daraja la Selander yangali hayana oksijeni ya kumtosha samaki.